Vijana Wetu na Michezo ya Kompyuta: Tuliyoyaona Katika Maonyesho ya Köln

Ni nyumba chache za Kiislamu siku hizi, ziwe Mombasa au Unguja, Maskati au Ulaya, zisizoujua mzozo huu: mtoto ameinamia kioo, chakula chapoa mezani, adhana imekwisha kulia, na mama aita mara ya tatu. Wazazi wengi wamekwisha kutoa hukumu yao, ya kuwa michezo hii ni upotevu mtupu. Vijana nao wamekwisha kutoa yao, ya kuwa wazee hawajui wanalolisema. Sisi hatukuwa na nia ya kuingia baina ya pande hizi mbili. Tulitiwa na ndugu yetu.

Ndugu yetu huyu akaa Hamburg, katika Ujerumani, na mwanawe ana umri wa miaka 16. Mwezi wa Machi 2024 mama wa kijana alitazama hesabu yake ya benki, akakuta zimetoka euro 180, kidogo kidogo, kumi mara hii na ishirini mara ile. Fedha hizo zilikwenda katika mchezo mmoja wa mpira wa miguu unaochezwa katika mashine, kununua yale yaitwayo makasha ya bahati, ambayo khabari yake tutaieleza mbele. Kijana hakukana. Baba alighadhibika, akaitia mashine ndani ya sanduku, akalifunga kwa kamba, akaazimia kuiuza.

Kijana hakujibu neno. Alitafuta kazi ya kugawa magazeti, akaifanya miezi mitano, akamrejeshea mama yake fedha zote hata senti ya mwisho. Alipomaliza akaomba jambo moja tu: aende Köln kuyaona maonyesho makubwa ya michezo, kwa nauli yake na tikiti yake mwenyewe. Baba hakusema ndiyo wala siyo. Alitupigia simu sisi, akasema, "Nenda naye, kaka. Ukatazame kwa macho yako, kisha uniambie mashine hii niiuze au nisiiuze. Utakalosema ndilo nitakalofanya. Sharti langu ni moja: Sala zisimpite."

Basi tulikwenda, na mzigo wa amana hiyo mabegani.

Yafaa wasomaji wetu wajue kwanza ni maonyesho gani haya. Yanaitwa Gamescom. Asili yake ni maonyesho yaliyokuwa yakifanywa katika mji wa Leipzig tangu mwaka 2002; na mwaka 2009 yakaanza kwa jina hili katika mji wa Köln, ukingoni mwa mto Rhine, na tangu hapo kwa kawaida hufanywa huko mwezi wa Agosti. Mwaka huo wa 2024 walihudhuria watu 335,000, na waliofungua mabanda yao walikuwa zaidi ya 1,400. Humo watengenezaji wa michezo huonyesha kazi zao mpya kabla hazijafika madukani, na kila apendaye huweza kuzijaribu, mradi awe na subira ya kungoja zamu yake.

Tulifika siku ya Jumamosi, tarehe 24 Agosti. Garimoshi lilituvusha juu ya daraja la Hohenzollern, kanisa kuu la mji limebaki nyuma yetu, na behewa zima limejaa vijana. Mmoja kajivika panga la karatasi ngumu lenye kimo chake. Mwingine ana mbawa. Binti mmoja kajifanya mchawi mwenye nywele za kijani kibichi. Tulipokuwa tukijiuliza tumeingia wapi, mmoja wao alisimama akatupa kiti chake, kwa adabu, kwa kuwa alituona tuna mvi. Hilo tuliliandika katika moyo wetu kuwa jambo la kwanza.

Jambo la pili tuliliona baada ya kupita mlangoni. Kila kijana huonyesha kitambulisho chake, akafungwa utepe mkononi kwa kadiri ya umri wake: rangi ya kijani kwa aliyetimia miaka 12, buluu kwa miaka 16, na nyekundu kwa miaka 18. Michezo iliyohukumiwa kuwa ya watu wazima imezungushiwa kuta, hata apitaye nje asiweze kuiona, na mlangoni husimama mtu wa kutazama utepe. Kijana wetu alipewa buluu. Tulisema nafsini mwetu: Ajabu! Huku nje mlinda mlango amtazama mtoto mkono kabla hajampisha, na nyumbani kwetu mtoto huyo huyo twamwachia mlango wazi usiku kucha, wala hatuulizi aingia wapi.

Ndani ni kishindo. Kumbi ni kubwa kama viwanja, taa zawaka na kuzimika, na ngoma zapigwa kila upande. Mbele ya mchezo mmoja alioutaka kijana wetu palikuwa na kibao kilichoandikwa kuwa atakayesimama hapo atangoja saa tatu. Na mchezo wenyewe, akifika, atauonja kwa dakika kumi na tano! Tulimwuliza kama yuko tayari. Alisema, "Ami, nimengoja miezi mitano. Saa tatu ni nini?"

Saa tano za asubuhi alisimama mwisho wa mstari. Tukaagana hivi: sisi tutembee, na saa nane juu ya alama tukutane kwenye mlango wa ua ulio baina ya kumbi, tusali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, maana tulikuwa wasafiri. Tulimsisitizia sana. Tulimwambia ya kuwa sisi tumebeba ahadi ya baba yake, na ya kuwa saa nane ni saa nane. Kijana akaitikia, "Haya, ami."

Tulitembea, na hatuwezi kusema kwamba yote tuliyoyaona ni upuuzi. Palikuwa na mabanda ya vyuo vinavyowafundisha vijana kuichora, kuihesabu na kuitunga michezo hii. Tulikumbuka hapo khabari ya Lual Mayen, kijana wa Sudan ya Kusini aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu, akapata dola 300, akamnunulia kompyuta. Na kijana akawa akitembea masafa ya saa nzima na zaidi kuitia umeme. Kwa kompyuta hiyo alijifundisha mwenyewe kutengeneza mchezo, akauita Salaam, nao wahusu mkimbizi anayetafuta amani. Leo ajulikana katika Marekani kwa kazi hiyo. Mama yule alimjua mwanawe.

Kisha miguu yetu ikatupeleka katika sehemu ya michezo ya kale, na hapa yatupasa tuungame. Tulipokuwa vijana, katika mji wetu wa pwani palikuwa na duka lenye mashine moja ya mchezo uitwao Pac-Man, uliobuniwa Japani na Toru Iwatani mwaka 1980: duara la manjano lenye kinywa, lakimbia katika vichochoro likila nukta, na mazimwi manne yalifuata. Shilingi ngapi za kununulia mkate tulizitia ndani ya mashine ile, Mola ndiye ajuaye. Ndugu yetu alikuwa mdogo mno siku hizo, hakupata kujua, wala sisi hatukupata kumwambia.

Na mashine ile ile tuliikuta Köln. Hapakuwa na mstari mrefu. Tulisema tutacheza mara moja tu, kwa ajili ya uchunguzi.

Tulichezaje na mara ngapi, hatukumbuki. Tunachokumbuka ni mkono ulioshika bega letu, na sauti ya upole, "Ami, ni saa tisa kasorobo."

Kijana wetu alikuwa amebakiwa na watu wasiozidi thelathini mbele yake ilipokaribia saa nane. Alitoka mstarini, akaipoteza zamu yake, akaja mlangoni, akasimama. Hakutuona. Alitupigia simu, nasi kwa kishindo kile hatukusikia. Akaanza kututafuta ukumbi kwa ukumbi, mpaka akatukuta tumeinama mbele ya kioo, jasho latutoka, tukikimbizwa na mazimwi.

Hakututahayarisha kwa neno. Alitazama kioo, akasema, "Ungepita kushoto, ami."

Tulitawadha kwa haraka, katikati ya watu waliokuwa wakijipaka rangi usoni mbele ya vioo, tukatoka uani, tukatafuta pembe iliyo kimya. Kijana akatandika koti lake. Tulipokwisha kutoa salamu tuliona mtu mrefu aliyevaa deraya ya bandia amesimama hatua chache mbele yetu, ametupa mgongo na kunyosha mikono, awazuia wenzake wasipite mbele yetu. Hatukumjua, naye alituinamia kidogo akaenda zake.

Tulibaki tumeketi pale, na haya imetufunga kinywa. Ndipo kijana alipotueleza, bila ya kuulizwa, khabari ya makasha.

Katika mchezo ule wa mpira, alisema, mtu hununua kasha lililofungwa pasipo kujua limo nini. Huenda likatoa mchezaji mashuhuri, na mara nyingi hutoa mchezaji asiye na thamani. Kasha hufunguka polepole, kwa nuru na muziki, moyo ukadunda; na likitoka tupu, mkono wataka jingine. "Sikuwa nikicheza mpira tena, ami," alisema. "Nilikuwa nikifungua makasha tu."

Wasomaji wetu, jambo hili lina jina katika dini yetu, nalo limetajwa pamoja na ulevi katika Suratul Maida, aya ya 90. Wala si sisi peke yetu tulioliona. Mwezi wa Aprili 2018 halmashauri ya serikali ya Ubelgiji inayosimamia kamari ilitoa hukumu ya kuwa makasha ya namna hii katika michezo kadhaa yanavunja sheria ya kamari ya nchi hiyo. Na Ujerumani, tangu mwaka 2023, ofisi inayopanga umri wa michezo huyatia makasha haya katika hesabu inapoamua mtoto wa miaka mingapi aruhusiwe.

Kadhalika Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya maradhi iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022, limeuandika ugonjwa wa kutawaliwa na michezo. Lakini angalieni walivyoueleza. Hawakusema kila achezaye ni mgonjwa. Alama zake ni tatu: mtu ashindwe kujizuia, auweke mchezo mbele ya mambo mengine yote ya maisha yake, na aendelee ijapokuwa aona madhara, na hali hiyo idumu, kwa kawaida, muda wa mwaka mzima. Huo ndio mpaka, na mzazi mwenye macho aweza kuuona mapema.

Na mchezo wenyewe kwa asili yake si uovu. Mtume wetu, Sala na salamu zimfikie, alishindana mbio na Bibi Aisha. Na siku ya Idi alimwacha awatazame Mahabushi wakicheza kwa mikuki msikitini, mpaka alipotosheka mwenyewe. Kilichokatazwa ni kamari, uchafu, na kusahau. Na kusahau, ndugu zetu, siku ile kulitupata sisi wazee, hakukumpata mtoto.

Tulirejea Hamburg Jumapili. Garini kijana aliuliza swali moja tu, "Ami, utamwambia baba yote?" Tulidhani aomba tumfichie jambo. Kumbe alikuwa akitusitiri sisi.

Tulimwambia ndugu yetu yote, hata khabari ya duka la zamani na shilingi za mkate. Alinyamaza kitambo kirefu, kisha akauliza, "Na mtoto ndiye aliyekuja kukutafuta?" Tukasema, "Ndiye." Hukumu yetu ilikuwa hii: mashine isiuzwe, ila iondolewe chumbani iwekwe sebuleni, mbele ya macho ya watu wote, kadi ya benki isiunganishwe nayo kamwe, Sala na masomo vitangulie, na baba, japo jioni moja kwa juma, aketi acheze na mwanawe.

Sharti hilo la mwisho lilimwia zito kuliko yote. Alisema hajui kucheza. Tulimjibu kuwa anaye mwalimu nyumbani.

Enyi wazazi, msihukumu msilolitazama. Ketini na watoto wenu saa moja, mwulize kila kitufe ni cha nini, na fedha hutoka wapi. Nanyi vijana, mjue ya kuwa imani ya baba haidaiwi kwa hoja. Kijana huyu aliinunua kwa miezi mitano ya magazeti na kwa zamu moja aliyoiacha. Kamba ya sanduku imekwisha kufunguliwa, na tumepata khabari ya kuwa ndugu yetu hufungwa mabao saba kila Jumamosi usiku, baada ya Sala ya Isha.