Mtoto Mahututi Hangoji Zamu

Foleni ni jambo la haki. Mwananchi aliyezoea kupanga mstari kwenye duka la ushirika, kwenye bomba la maji au kwenye dirisha la posta anajua kwamba aliyetangulia kufika ndiye wa kutangulia kuhudumiwa, na kwamba anayeruka mstari ni mdhulumaji. Lakini haki hiyo hiyo ikihamishiwa kwenye mlango wa hospitali huweza kugeuka dhuluma. Mwenye jipu mguuni aliyefika alfajiri huingia kwa daktari, na mtoto anayehema kwa taabu aliyeletwa saa nne hubaki mgongoni mwa mamaye akingoja jina lake liitwe. Hakuna aliyekusudia ubaya. Hata hivyo, mtoto huyo aweza kukata roho hatua ishirini tu kutoka ilipo dawa ya kumponya.

Hili ndilo jambo tunalotaka kulizungumza leo: ni nani amtazamaye mtoto mgonjwa mara avukapo lango la hospitali, naye hutazama nini?

Tumfikirie mama wa Chanzuru, kata ya wakulima katika Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro. Mtoto wake ashikwapo na homa usiku, hospitali ya wilaya iko Kilosa mjini, na katika miezi ya masika mito na njia za vijijini hazina simile. Aghalabu shauri la kwanza hutolewa na bibi au jirani. Mtoto akikakamaa na kugeuza macho, wengi husema ni degedege, na degedege kwa imani ya watu wengi ina mganga wake. Mwaka 2006 watafiti walichapisha uchunguzi uliofanywa katika wilaya za Kilosa na Handeni juu ya nafasi ya waganga wa jadi katika malaria kali ya watoto, na fundisho lake ni kwamba waganga hao hawafai kupuuzwa, maana kwao ndiko wazazi wengi hukimbilia. Kutoka kwa mganga, mama huenda zahanati. Kutoka zahanati, hupanda bodaboda kwenda mjini. Afikapo hospitali, saa za mwanawe zimekwisha kutumika njiani.

Ndugu zetu wa visiwani hawana haja ya kuelezwa habari hii. Chanzuru imezungukwa na mashamba, nayo Kojani na Tumbatu zimezungukwa na maji, lakini mashaka ni yale yale. Mzazi wa Kojani hungoja chombo, na chombo hungoja maji na upepo. Hapa ndipo ubaya wa foleni unapojitokeza wazi. Atokaye mbali ndiye mwenye muda mchache uliobaki, naye ndiye akutaye mstari umekwisha kuwa mrefu. Tukiwahudumia watoto kwa utaratibu wa kutangulia kufika, tunamwadhibu mtoto kwa sababu ya umbali wa kijiji chake.

Dawa ya tatizo hili ni ya siku nyingi. Dominique-Jean Larrey, tabibu wa majeshi ya Napoleon, aliagiza majeruhi watibiwe kwa uzito wa jeraha bila kujali cheo. Katika zama zetu Shirika la Afya Duniani limeutengeneza utaratibu huo kwa ajili ya watoto wa nchi zenye madaktari wachache. Kila mtoto aingiapo hutazamwa kwanza, kabla ya kadi na kabla ya mizani, na kazi hiyo haichukui hata dakika moja kwa mtu aliyefundishwa. Je, anapumua kwa shida, au midomo na ulimi vimekuwa vya rangi ya samawati? Je, mikono yake ni ya baridi, na ukibonyeza ukucha damu hukawia zaidi ya sekunde 3 kurejea? Je, amezimia, au yumo katika degedege? Je, anaharisha, naye amelegea, macho yamedidimia, na ngozi ya tumbo ikifinywa hairudi upesi? Mwenye dalili mojawapo ya hizi ni wa dharura, na matibabu huanza hapo hapo.

Baada yake huja wale wa kutangulizwa mbele ya foleni: mtoto wa chini ya miezi 2, mwenye viganja vyeupe kwa kupungukiwa damu, aliyekonda mno au aliyevimba nyayo zote mbili, aliyeungua, aliyekunywa sumu, mwenye homa kali mno, na yule aliyeletwa na barua ya rufaa ya haraka. Waliosalia ndio wa kungoja zamu. Katika mpango huu mtoto wa mkubwa mwenye mafua atangoja, na mtoto wa mkulima mwenye degedege ataingia. Kiongozi anayeudhika kwa hilo hajaelewa maana ya hospitali ya umma.

Watu watauliza kama jambo dogo namna hii laweza kuokoa roho. Jibu liko kwa jirani zetu wa Malawi. Hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre ilipanga upya mapokezi ya watoto mwaka 2001, ikawafundisha watumishi wake kuwachambua wagonjwa na kuanza tiba bila kukawia. Taarifa iliyotolewa mwaka 2006 ilionyesha kwamba vifo vya watoto waliolazwa, ambavyo awali vilikuwa kati ya asilimia 10 na 18, vilishuka hadi kati ya asilimia 6 na 8.

Hata hapa nyumbani mfano upo. Utaratibu wa kumchunguza mtoto mzima badala ya kushika ugonjwa mmoja tu ulijaribiwa katika zahanati na vituo vya afya vya wilaya za Morogoro Vijijini na Rufiji. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano huko vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 kuliko katika wilaya za Kilombero na Ulanga zilizolinganishwa nazo, na gharama haikuzidi. Basi kilichowezekana Morogoro Vijijini hakiwezi kushindikana Kilosa.

Lakini kutazama upesi hakutoshi. Ni lazima kutazama kwa akili. Kwa miaka mingi tumezoea kuiita kila homa malaria. Mwaka 2004 ulitolewa uchunguzi kutoka hospitali kumi za kaskazini mwa Tanzania, ambao uligundua kwamba miongoni mwa wagonjwa mahututi waliotibiwa kwa malaria kali, waliokuwa na vijidudu vyake katika damu hawakufika nusu. Kibaya zaidi, wasiokuwa navyo ndio waliokufa kwa wingi. Zanzibar, ambako malaria ilipungua mno baada ya dawa mpya za mwaka 2003, vyandarua na upuliziaji wa dawa majumbani, onyo hili lina uzito wa pekee. Huko homa ya mtoto aghalabu ina sababu nyingine, na mganga asiyehesabu pumzi za mtoto ataikosa nimonia iliyo mbele ya macho yake.

Vilevile haraka isiyo na elimu huua. Mwaka 2011 ulimwengu wa tiba ulishtushwa na matokeo ya utafiti uliofanywa Uganda, Kenya, na kwetu Muheza mkoani Tanga, kwa watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Waliotiliwa maji mengi ya dripu kwa haraka, kama vitabu vilivyoelekeza, walikufa zaidi: zaidi ya asilimia 10 katika saa 48, hali wasiotiliwa kwa haraka walikufa asilimia 7.3. Maji yale hubaki kuwa tiba ya mtoto aliyekaushwa na kuharisha, ila si ya kila mtoto mwenye mikono ya baridi. Kwa hiyo, baada ya kumtambua mtoto wa hatari, mtumishi hana budi kujua hatari yake ni ya namna gani.

Taifa limepiga hatua. Hospitali ya Muhimbili ilifungua idara kamili ya dharura mwaka 2010, na madaktari bingwa wa fani hiyo wanafunzwa. Lakini bingwa aliyeko Dar es Salaam hawezi kumtazama mtoto wa Chanzuru katika lango la Kilosa, wala wa Mafia katika lango la Kilindoni. Lango hilo linahitaji muuguzi mmoja aliyefundishwa, usiku na mchana, mwenye mamlaka ya kumtoa mtoto katika mstari. Linahitaji meza yenye hewa ya oksijeni, mfuko wa kupumulishia, glukosi na dawa ya kutuliza degedege. Na mlinzi wa geti, karani na mfagiaji nao wafundishwe dalili za hatari, kwa kuwa mara nyingi wao ndio watu wa kwanza kumwona mtoto. Wanaongoja nao watazamwe tena, maana aliyekuwa na nafuu saa mbili aweza kuwa mahututi saa tano.

Kwa maofisa wa Serikali tuna ombi moja ambalo halidai fungu kubwa. Kila mtoto afapo katika saa 24 za kwanza hospitalini, na vifo vingi vya watoto hutokea katika saa hizo, iandikwe saa aliyovuka lango na saa aliyotazamwa mara ya kwanza. Mganga Mkuu wa Wilaya azisome saa hizo kila mwezi mbele ya watumishi wake. Watoto wa umri huu wamesamehewa malipo na sera ya taifa. Basi isiwepo hospitali inayowatoza kwa sarafu ya muda.

Na mzazi, wa bara au wa visiwani, asione haya. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepatwa na degedege au asiyeamka, huyo hana foleni. Mama apite mbele na aseme kwa sauti, nasi tulio mbele yake katika mstari tumpishe.