Taabu za Mwanafunzi wa Kompyuta

Katika mji wa Mwanza na pwani za ziwa letu wameongezeka vijana wa kiume na wa kike wasomao elimu ya kompyuta vyuoni. Wazazi wao huwasomesha kwa jasho la dagaa, la pamba na la duka dogo, na wengi wao hawajui hasa mtoto anasoma nini. Kwa kutojua huko, taabu ya mwanafunzi hudhaniwa kuwa ni uvivu, na wako vijana walioiacha elimu katikati ya njia kwa kukosa mtu wa kuwaelewa. Basi tumeona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili.

Kwanza yatupasa kujua kwamba elimu hii si ufundi wa kufungua mashine na kuzifunga. Kompyuta haina akili yake. Hufanya lile tu ililoamriwa. Mwanafunzi hujifunza kuipangia amri, hatua baada ya hatua, ili ifanye kazi ya benki, ya hospitali, ya ofisi na kadhalika. Mpango huo wa hatua huitwa algorithimu, na neno hilo limetokana na jina la Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad katika karne ya 9, zama za Khalifa Al-Maamun. Hata neno aljebra limetoka katika jina la kitabu chake cha hesabu. Kwa hiyo kijana wetu asomapo elimu hii hasomi jambo geni kwa waliomtangulia.

Hapa nchini, kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hayo hayakuondolewa mpaka miaka ya 1990. Si ajabu, basi, kwamba sisi wa rika hili tulimaliza shule bila kukiona chombo hicho, wala hatuwezi kumsaidia mtoto kama tunavyomsaidia katika hesabu za kujumlisha na kutoa.

Sasa tuzitazame taabu zenyewe. Ya kwanza ni lugha. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hukuta chuoni kwamba vitabu ni vya Kiingereza, na amri za kompyuta ni za Kiingereza vilevile. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu za kazi za ofisi kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice, nayo ilikuwa kazi njema. Lakini lugha zitumiwazo kuandika programu zingali za Kiingereza, na mwanafunzi hubeba mizigo miwili kwa wakati mmoja: kuielewa elimu, na kuyaelewa maneno yaliyoibeba.

Taabu ya pili ni kosa dogo. Katika lugha za C na Java, amri humalizika kwa nukta mkato. Ikisahauliwa moja tu, kazi yote ya siku nzima hukataliwa. Tena mashine mara nyingi huuonyesha mstari unaofuata, na kosa liko katika mstari uliotangulia, hata kijana akakesha akilitafuta mahali lisipokuwapo. Sisi waalimu wa madrasa hatuna haki ya kulishangaa jambo hili. Nukta moja chini ya herufi ni ba, mbili juu yake ni ta, tatu ni tha. Na mtoto akosaye nukta humrudisha mwalimu mwanzo wa mstari. Tunajua ni subira kiasi gani hutakiwa hapo, kwa mwanafunzi na kwa mwalimu pia.

Ya tatu ni umeme na intaneti. Mwishoni mwa mwaka 2023 nchi ilikuwa katika mgawo wa umeme, mpaka mitambo ya Bwawa la Nyerere kule Rufiji ilipoanza kuwashwa mwaka 2024. Hata hivyo umeme bado hukatika kwa ghafla, na asiyehifadhi kazi yake huipoteza. Kadhalika, tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zipitazo chini ya bahari zilikatika, na mwanafunzi wa Mwanza, aliye zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, akashindwa kufungua masomo yake. Juu ya hayo kuna bei ya kifurushi, kinachokwisha kabla somo halijaisha, na kompyuta iliyonunuliwa kwa mkono wa pili, isiyokaa na chaji hata saa moja.

Taabu ya nne, nayo ndiyo itukerayo zaidi, hutoka nyumbani. Kijana akirudi likizo, jirani huleta redio mbovu na shangazi huleta simu iliyovunjika kioo; akisema hajui kuvitengeneza, huambiwa kwamba ada inapotea bure. Akikaa mbele ya kompyuta, husemwa anacheza. Na binti huitwa jikoni kila baada ya dakika tano, naye kazi yake yataka utulivu wa saa mbili mfululizo.

Tunamjua kijana mmoja, mtoto wa mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni Kirumba, ambaye katika mwaka wake wa pili alimwambia mama yake kwamba anaacha chuo aende kuuza dagaa. Kazi aliyopewa ilikuwa imemshinda siku nne. Mama hakumkaripia. Alimwambia, "Hebu nisomee, mwanangu, nisikie." Kijana akamweleza kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, kila amri ina maana gani. Mama hakuijua fani hata kidogo, lakini aliuliza kila asipoelewa. Walipofika katikati kijana alinyamaza, maana alikuwa ameliona kosa kwa kulisema. Mwaka huohuo hakuacha chuo, na baadaye alihitimu.

Hiyo si bahati. Ndiyo njia ya madrasa tangu zamani: mwanafunzi humsomea mwenziwe, na ulimi huligundua lile ambalo jicho limelipita. Wazazi wasiojua kompyuta wanaweza kuwa wasikilizaji, na msaada huo hauna gharama.

Kwa hiyo twawausia wazazi: mpeni mwanafunzi saa zake za utulivu, awe wa kiume au wa kike, msimhesabu kuwa fundi wa redio, na kabla ya kununua kompyuta, mwulizeni mwalimu wake ni ya namna gani imfaayo.

Nanyi vijana, hifadhini kazi zenu mara kwa mara, tena mahali pawili. Someni pamoja. Jifunzeni Kiingereza bila kukionea haya Kiswahili, na msione aibu kuwaeleza wazee wenu mnachokisoma, kwani asiyeelezwa hana budi kudhani. Na mkikataliwa kazi kwa sababu ya nukta moja, kumbukeni kwamba mlipokuwa watoto mlirudishwa kwa nukta kama hiyo, mkarudia, na leo mnasoma bila kusita.