Vitabu Vikilowa, Uazimaji Usikome

Masika ya 2024 yalipoleta mafuriko Nairobi na Kiambu, shule zilizotarajiwa kufunguliwa Aprili 29 zilisubiri hadi Mei 13. Kwa kitabu kilicholowa, hizo ni wiki za kukiangamiza. Kuvu huanza kuota kwenye karatasi baada ya saa 48 hivi. Kwa hiyo katika mtaa uliosongamana kama Kiuu, Githurai 45, shule inahitaji mtu mwenye ufunguo wa maktaba hata wakati wa likizo.

La kwanza ni kujua maji yametoka wapi. Kitabu kilichozama katika maji ya mtaro au choo kitupwe, hata kikiwa kipya. Afya ya mtoto haiwekwi rehani kwa kitabu. Kilicholoweshwa na paa linalovuja kinaokoka. Kisimamishwe kivulini, kurasa zikiachana kidogo, na feni ipulize hewa chumbani bila kukielekea. Jua kali hukunja karatasi. Vitabu vya picha vyenye kurasa za kung'aa ndivyo vigumu zaidi: vikikauka vimeshikana, havibanduki tena. Vitenganishwe vikiwa bado na maji, au viwekwe kwenye friza mpaka mkono wa kuvishughulikia upatikane.

Lakini shule nyingi hukwama hapa: hungoja chumba kipya ndipo watoto waazime tena. Naona hilo ni kosa kubwa. Maktaba ni huduma ya kuazimisha, na huduma hiyo yaweza kuanza Jumatatu ijayo kwa sanduku moja kila darasa, daftari, na mwalimu wa zamu. Huko Garissa, Huduma ya Maktaba za Kitaifa ilianza mwaka 1996 kuwapelekea wafugaji vitabu ndani ya masanduku mgongoni mwa ngamia, na watu wakasoma chini ya miti. Shule za Kiuu ziko karibu zaidi na vitabu: maktaba ya umma ya Thika ni mahali pa kwanza pa kuomba msaada.

Wafadhili nao wapewe orodha kabla hawajaleta magunia. Mtoto wa Gredi ya 4 anahitaji hadithi za Kiswahili na Kiingereza za kiwango chake, si vitabu vya sheria vilivyoondolewa ofisini. Orodha hiyo hutoka kwenye rejesta ya vitabu, ambayo kila ukurasa wake unafaa kupigwa picha kwa simu leo, kabla ya vuli.