Upasuaji 1,000 wa mayoma, saratani 3: kuzisaka kunagharimu nini?

Mwaka 2014 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilikadiria kuwa katika kila wanawake 350 wanaofanyiwa upasuaji wa mayoma, yaani uvimbe wa kawaida wa kizazi, 1 ana sarkoma, saratani iliyojificha humo humo. Makadirio hayo ni ya Marekani, ila kwa hesabu ya haraka yanatosha: upasuaji 1,000, wagonjwa wasiopungua 2, pengine 3.

Kwa nchi kama Tanzania, inayokadiriwa kupata wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani ya mlango wa kizazi kila mwaka, 3 ni wachache. Lakini hao 3 hawaonekani kirahisi. Kipimo cha siki hukagua mlango wa kizazi tu, na ultrasaundi mara nyingi haitofautishi sarkoma na mayoma ya kawaida. Jibu la uhakika hutoka maabara, kwa kusoma kinyama chenyewe.

Kinaanzia chumba cha upasuaji

Butimba, jijini Mwanza, ndiko iliko Hospitali ya Wilaya ya Nyamagana. Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda, iko kilomita chache kutoka hapo. Umbali huo si tatizo. Kazi ni kukifikisha kinyama maabara kikiwa hakijaoza.

Formalini, dawa ya kukihifadhi, inatakiwa iwe angalau mara 10 ya kinyama. Kizazi cha nusu kilo kinahitaji lita 5, dumu zima la mafuta ya kula. Upasuaji 1,000 wa namna hiyo ni lita 5,000. Kwa kuwa formalini huchanganywa sehemu 1 ya dawa kali kwa 9 za maji, dawa yenyewe ni lita 500.

Kisu nacho kina kazi. Formalini hupenya takriban milimita 1 kwa saa, kwa hiyo uvimbe wa sentimita 10 usiopasuliwa huchukua zaidi ya siku 2 kufikiwa katikati. Kwa joto la Mwanza, katikati huanza kuoza kabla ya hapo, na seli zilizooza hazisomeki.

Mezani kwa msomaji

Mayoma ya kawaida yakikatwa ni meupe, magumu, yenye nyuzi zilizojisokota. Palipo laini, pa manjano au penye damu, mtaalamu wa patholojia, ambaye ndiye msomaji, huongeza vipande: kwa desturi, kipande 1 kwa kila sentimita ya uvimbe. Kila kipande hugandishwa kwenye nta, hukatwa unene wa mikroni 3 hadi 5, hutiwa rangi, kisha huwekwa chini ya hadubini.

Kwa sarkoma ya misuli iliyo ya kawaida zaidi, vigezo vilivyochapishwa mwaka 1994 ni 3: seli zilizoharibika umbo waziwazi, sehemu za uvimbe zilizokufa, na seli 10 au zaidi zinazogawanyika katika maeneo 10 ya hadubini. Vikitimia 2, ni saratani.

Tuseme kila kizazi kinatoa slaidi 3, na kila slaidi inasomwa dakika 3. Slaidi 3,000 ni saa 150, yaani karibu siku 19 za kazi za mtu mmoja. Muda huo si wa kutisha, mradi msomaji yupo.

Wasomaji wenyewe

Kwa sensa ya 2022, mikoa ya Mwanza, Geita, Kagera, Mara, Simiyu na Shinyanga ina watu milioni 16.4. Mwaka 2013 jarida la The Lancet Oncology liliandika kuwa nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara zina mtaalamu wa patholojia chini ya 1 kwa watu 500,000. Hata kwa kiwango hicho, mikoa hii 6 ingehitaji 33. Kwa kiwango cha 1 kwa watu 20,000, kinachokaribia cha Uingereza, ingehitaji 820.

Kuna saratani moja adimu ya kizazi isiyolazimika kumsubiri msomaji wa slaidi: koriokasinoma, inayozuka baada ya mimba. Kipimo cha homoni ya mimba kwenye damu huielekeza, na ikiwahiwa hupona kwa zaidi ya asilimia 90. Mama anayeendelea kutokwa damu wiki kadhaa baada ya kujifungua au mimba kuharibika apimwe.

Kusomesha wataalamu 33 ni kazi ya miaka. Dumu, kisu, lebo na fomu iliyojazwa vizuri ni vya leo. Mgonjwa naye, kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, aulize namba ya kinyama chake na tarehe ya majibu.