FUMBO LENYE MAJIBU MAWILI
Namna ya kutengeneza sudoku yetu wenyewe na kuijaribu



Munakumbuka kama katika nomero iliyopita tuliwapa fumbo la herufi, na tuliahidi kaye mbili na biki kwa mwenye kuleta jibu la kwanza lililo sawa. Wa kwanza kufika alikuwa mtoto wa darasa ya saba. Tulitwaa karatasi yake, tukaiweka kando ya karatasi yetu, tukaona hazifanani. Tukamwambia: "Hapana, umekosa." Siku iliyofuata mwanafunzi wa mwaka wa tatu alileta jibu kama letu, naye akapata zawadi.

Kisha siku tatu yule mdogo alirudi na karatasi ile ile. Hakulalamika. Aliuliza tu: "Nionyesheni fasi gani nimekosa." Tulikaa naye. Tulipima mistari ya kulala, mistari ya kusimama, nyumba zote sita. Hatukupata kosa hata moja. Kumbe yeye alikuwa sawa, na yule wa mwaka wa tatu alikuwa sawa pia. Mwenye kosa alikuwa ni sisi, sababu fumbo letu lilikuwa na majibu mawili. Tuliungama neno hili mbele ya wote katika ibada ya asubuhi, na yule mtoto alipewa kaye zake na biki yake. Lakini wengi walikuja kutuuliza: namna gani fumbo linaweza kuwa na majibu mawili? Ndiyo juu ya hiyo tunaandika leo.

Kwanza, sudoku ni nini? Ile ya kawaida ina vyumba 81, tisa kwa tisa, na namba 1 mpaka 9. Kila namba inaingia mara moja tu katika kila mstari wa kulala, mara moja katika kila mstari wa kusimama, na mara moja katika kila nyumba ya vyumba tisa. Wengi wanafikiri ilizaliwa Japani. Jina ndilo la Japani. Mchezo wenyewe ulitokea Marekani mwaka 1979, katika gazeti la mafumbo la Dell, na mtungaji anajulikana kuwa Howard Garns, mzee aliyekuwa fundi wa kuchora nyumba. Mwaka 1984 kampuni ya Nikoli iliutia katika gazeti lake kule Japani, na jina walilolipa, kabla ya kulikata kuwa fupi, lilikuwa na maana kama kila namba ibaki bila kuoa. (Mtu anayesema hesabu haina kicheko, afikiri neno hili.) Halafu Wayne Gould, mtu wa New Zealand aliyekuwa jaji kule Hong Kong, aliuona Tokyo mwaka 1997, akatumia miaka mingi kutengeneza programu ya kuzaa mafumbo, na mwezi wa Novemba 2004 gazeti la The Times la London likaanza kuyachapa. Toka pale mchezo ulienea dunia nzima.

Zamani zaidi, katika karne ya 18, mwana-hesabu Leonhard Euler wa Uswisi alichunguza miraba ambayo kila herufi inaingia mara moja katika kila mstari. Alitumia herufi za Kilatini, ndiyo sababu inaitwa miraba ya Kilatini. Miraba hiyo haikubaki mchezo. Wanaofanya majaribio ya mashamba wanaitumia kupanga aina za mbegu, kusudi aina moja isipate udongo mzuri yote na nyingine ibaki kwenye mawe.

Sasa turudi kwetu. Kutengeneza fumbo la vyumba 81 kwa mkono ni kazi ndefu, na karatasi yetu ni ndogo. Tulichagua vyumba 36, sita kwa sita, na nyumba sita, kila nyumba ikiwa na mistari miwili ya kulala na vyumba vitatu katika kila mstari. Tena tuliacha namba, tukatafuta neno lenye herufi sita zisizorudiliwa. ITURI haifai, iko na I mbili. BUNIA iko na herufi tano tu. Lakini MBUNYA inatosha kabisa: M, B, U, N, Y, A. Halafu tuliongeza sharti moja: diagonali, kutoka pembe ya juu ya kushoto mpaka pembe ya chini ya kuume, lazima isome MBUNYA. Nje ya diagonali tuliweka herufi tano tu. Fumbo ni hili, nukta ni chumba kitupu:

M N A | . . .
. B . | . . M
-------------
. . U | . . .
Y M . | N . .
-------------
. . . | . Y .
. . . | . . A

Tutwae kreyo tulijaribu pamoja. Nyumba ya juu kushoto inakosa U na Y. Mstari wa tatu wa kusimama una U tayari. Basi U inaingia mwanzo wa mstari wa pili wa kulala, na Y chumba cha tatu. Mstari huo unabaki na A na N. N iko tayari katika mstari wa nne wa kusimama, kwa hiyo A inaingia chumba cha nne na N cha tano. Tumemaliza mstari mzima: U B Y A N M.

Nyumba iliyo chini yake inakosa B, N na A. Chumba chake cha mwisho chini hakiwezi kupokea N (mstari huo una N) wala A (mstari wa kusimama una A), ni B. Kisha N haiwezi kuingia mstari wa pili wa kusimama, kwa hiyo mstari wa tatu wa kulala unaanza N, halafu A. Mstari wa nne unabaki na A na U, na ile A ya pembe ya chini inafunga mstari wa sita wa kusimama. Basi A chumba cha tano, U cha mwisho.

Kwa namna hiyo hiyo mstari wa kwanza wa kusimama unatupa A katika mstari wa tano na B katika wa sita. Mstari wa pili wa kusimama unatupa U na Y. Mstari wa sita wa kusimama unakosa B, N na Y, lakini mistari ya kwanza na ya tatu ya kulala iko na N tayari; basi N inashuka katika mstari wa tano. Mstari wa tano unabaki na M na B. B haiwezi kurudiliwa katika mstari wa tatu wa kusimama, kwa hiyo M chumba cha tatu, B cha nne. Na N inaingia chini ya ile M.

Mpaka hapa tumejaza vyumba 17, na kila kimoja kimepata sababu yake. Vinabaki 8. Muangalie vizuri sasa. Katika vyumba hivi vyote, kila kimoja kinakubali herufi mbili. Hakuna hata kimoja kinachokubali moja tu. Sisi tuliotengeneza tulikuwa tunajua jibu letu, tukaandika bila kufikiri:

mstari wa kwanza: M N A Y U B
mstari wa tatu: N A U M B Y
mstari wa sita: B Y N U M A

Mtoto wa darasa ya saba aliandika:

mstari wa kwanza: M N A U B Y
mstari wa tatu: N A U Y M B
mstari wa sita: B Y N M U A

Mupime wenyewe, yote mawili ni sawa, na diagonali haiguswi.

Juu ya nini hatukuona? Sababu mtungaji anaanza na jibu, kisha anatoa herufi moja moja. Jibu liko kichwani mwake. Akipima fumbo lake anatembea katika njia anayoijua, kama mtu anayetoka Mudzipela kwenda sokoni: hawezi kuona kama njia inagawanyika, miguu yake inajua. Ndiyo sababu kanuni yetu ya kwanza sasa ni hii: mtungaji asijaribu fumbo lake peke yake. Lipewe watu watatu ambao hawajaona jibu, na kila mmoja aandike sababu kando ya kila herufi anayotia. Fasi aliyobahatisha aweke alama. Kwenye alama ile tunafuata njia zote mbili mpaka mwisho. Njia moja ikivunjika, fumbo ni zima. Zikifika zote mbili, fumbo limekufa, hata kama liko zuri namna gani.

Wengine walisema: "Muongeze herufi nyingi, shida itaisha." Si hivyo. Wingi wa herufi si dawa. Muone fumbo hili dogo la namba 1 mpaka 4, nyumba ni za vyumba vinne:

. 2 | 4 .
. 4 | 2 .
---------
4 3 | 1 2
2 1 | 3 4

Tumewapa namba 12 katika vyumba 16, na bado kuna majibu mawili: pembeni munaweza kuandika 1 na 3 juu, 3 na 1 chini, ao kuzigeuza. Pembe nne, namba mbili, nyumba mbili tu: mukiona mraba wa namna hii, lazima pembe moja yake itolewe wazi. Sasa muone hili:

1 . | . .
. . | 2 .
---------
. 3 | . .
. . | . 4

Namba nne tu, na jibu ni moja. (Ni jibu lile lile la fumbo la juu, pembe zikiwa 1 na 3 juu, 3 na 1 chini.) Kwa hiyo swali si herufi ngapi, swali ni fasi gani. Katika sudoku ya vyumba 81 watafiti wa Ireland, Gary McGuire na wenzake, walionyesha kwa kompyuta mwaka 2012 kama fumbo lenye namba 16 haliwezi kamwe kuwa na jibu moja. Chini kabisa ni 17. Na masharti yakiwa na nguvu, namba zinaweza kupungua sana. Mwaka 2020 Mitchell Lee alitunga fumbo la vyumba 81 lenye namba mbili tu zilizoandikwa, sababu alikuwa ameongeza masharti makali, mengine yakitokana na mwendo wa mfalme na farasi katika mchezo wa sataranji. Diagonali yetu ni mtoto mdogo wa wazo hilo.

Kanuni ingine ni ya wale wanaotunga bila diagonali: kama herufi mbili hazionekani hata mara moja katika fumbo, limekufa tayari. Anayejibu anaweza kuzibadilishana mahali pote na hakuna wa kumshitaki.

Na kuna jambo la mikono. Katika nomero ile, wasomaji wanne walisoma N kama U, kwa kuwa tuliandika kwa mkono na fotokopi ilitoka nyeupe. Fumbo lijaribiwe juu ya karatasi iliyochapwa, si juu ya ile ya mtungaji. Tuandike herufi kubwa, na latte itumike.

Je, mtu hawezi kuogopa kama mafumbo yatakwisha? Miraba ya namba 1 mpaka 4 iko 288 tu. Lakini ya sita kwa sita, kwa nyumba kama zetu, iko 28 200 960. Kwa vyumba 81, hesabu iliyofanywa na Felgenhauer na Jarvis mwaka 2005 inatoa namba yenye tarakimu 22. Bulletini yetu haitafika kule.

Fumbo la MBUNYA tumelitengeneza. Tumeongeza herufi moja: Y katika chumba cha nne cha mstari wa kwanza. Herufi hiyo moja inafungua vyumba vyote 8, kimoja kimoja, bila kubahatisha. Halafu mmoja kati yetu alisema: "Kama Y iko, ile M ya mwisho wa mstari wa pili ina kazi gani tena? Tuitoe, fumbo litakuwa gumu zaidi." Tulikuwa karibu kukubali. Tulimpa yule mtoto wa darasa ya saba ajaribu, sababu sasa yeye ndiye mpimaji wetu wa kwanza. Alirudi kisha saa ya mapumziko akiwa na vyumba 6 ambamo M na N zinageuzana. M inabaki.

Wenye kutaka kutunga walete mafumbo yao kabla ya Ijumaa, katika sanduku lililo karibu na mlango wa chumba cha vitabu. Neno si lazima liwe MBUNYA. Neno lo lote lenye herufi sita zisizorudiliwa tunapokea. Jibu liwe katika karatasi ingine, iliyokunjwa, na jina la mtungaji ndani. Mpimaji hataifungua mpaka amemaliza.