Kutililia Kitambaa cha Spika za Kale

Wengi katika wenye redio za valvu na masanduku ya spika ya zamani hudhani ya kuwa kitambaa kilichotandwa mbele ya spika ni pambo tu, na kwa dhana hiyo kikiraruka hukibandua pasina kufikiri, wakatia badala yake nguo yoyote iliyopatikana dukani, kisha wakashangaa kwa nini sauti imefifia. Hakika kitambaa hicho ni sehemu ya chombo chenyewe, kwani sauti imfikiayo msikilizaji kutoka mbele ya spika hupenya katika vitundu vyake. Sauti nene, ambazo mawimbi yake ni marefu, hupita katika nguo nyingi bila ya taabu; lakini sauti nyembamba, zile za matoazi, za ncha ya fidla, na za herufi za sin na shin katika kinywa cha mwimbaji, hunyonywa na kitambaa kizito zikapotea. Jaribio lake ni jepesi: kiweke kitambaa mdomoni upulize, na pumzi ikikurudia usoni, kitambaa hicho kitafaa foronya, wala hakifai spika.

Kwa sababu hiyo rai yangu ni kwamba kitambaa cha asili kitililiwe madhali nyuzi zake zingali na uhai, na kibadilishwe pale tu zinapokuwa zimekufa. Kujua hayo, vuta uzi mmoja kutoka ukingoni na uusokote baina ya vidole: ukistahimili, mpasuko huo ni jeraha la kidole au pembe ya kiti, nalo lina dawa; ukivunjika ukawa vumbi, basi jua limekwisha kuiua nguo nzima. Huku pwani, ambako unyevu hauishi na mende hawaachi kuitafuna gundi ya kale, huenda kitambaa kikawa kizima huku gundi iliyokishika imeoza, na mwenye haraka akadhani kimeraruka.

Kabla ya kazi, chomoa waya wa umeme. Kapasita za redio ya valvu huweza kubaki na umeme baada ya redio kuzimwa, na ziko redio, mathalani Bush DAC90A iliyotoka Uingereza mwaka 1950, ambazo chesi yake, yaani fremu ya chuma iliyo ndani, huweza kuwa na umeme wa nyumba. Asiyejua kuuondoa umeme huo na amwachie fundi redio. Baadhi ya redio za zama zile pia zina ubao wa asbesto juu ya valvu kwa ajili ya joto, nao haufai kukwanguliwa wala kupulizwa vumbi. Spika ifunguliwe iwekwe kando, kwani koni yake ni ya karatasi, na bisibisi ikiponyoka huitoboa.

Sasa tazama nyuma ya ubao wa mbele unaoshika kitambaa, pale kilipokunjwa kikagundishwa, kwani upindo huo ndio akiba ya fundi. Nyuzi zake ni zile zile za mbele, ila jua halikuzifikia, kwa hivyo rangi yake imekoza zaidi. Ukikata hapo kiraka kizima ukakibandika mbele, tofauti itadhihiri hata kwa mpita njia. Lakini ukichomoa uzi mmoja mmoja na kuupitisha kwa sindano nyembamba penye pengo, mtande kwa mtande na mshindio kwa mshindio, jicho halitaona kitu. Kazi hii yataka nuru njema na subira, nami naipenda kuliko nyingine zote katika matengenezo ya redio. Zikiwa nyuzi zimekwisha rejea mahali pake, shikiza nyuma yake kipande cha wavu mwembamba wa hariri, ukitia gundi nyeupe kwa ncha ya sindano juu ya nyuzi pekee, maana kila kitundu kilichozibwa na gundi ni mlango wa sauti uliofungwa.

Kufua sikushauri. Hariri bandia, iliyotumiwa sana katika redio za kale, hupoteza nguvu ikilowa, na rangi zake huvuja. Vumbi litolewe kwa brashi laini. Tygan, ile nguo ya nyuzi za plastiki iliyopendwa na watengenezaji wa Uingereza, ndiyo iliyo imara zaidi, nayo ikilegea hukazika kwa hewa ya moto ya mashine ya kukaushia nywele, mradi mashine iwe mbali na isitue mahali pamoja, kwani ikizidi joto huyeyuka na haina marejeo.

Na palipolazimu nguo mpya, upake kwanza ubao rangi nyeusi isiyong'aa, kwani weupe wa mbao huonekana kupitia vitundu. Anza kushikiza katikati ya kila upande, kisha uende pembeni, ukiutazama mstari wa mtande usipinde hata kidogo. Rudisha spika, na uifungulie muziki wenye besi nzito. Ukisikia mkwaruzo usiokuwemo katika nyimbo, tafuta uzi wa zari uliolegea, kama zile nyuzi zing'aazo za redio za Kijerumani za miaka ya 1950, unaogusa ubao kila hewa inapotikisika, na uushikize kwa tone moja la gundi.