Gurudumu la Mpira na Orodha ya Karatasi

Mwaka 1943, vita vya pili vya dunia vikiwa vimepamba moto, jeshi la anga la Marekani lilisumbuliwa na ajali za ajabu. Rubani wa ndege ya kudondosha mabomu ya B-17 anarudi kutoka vitani, anatua vizuri, ndege imeshagusa ardhi na hatari yote imepita, kisha anakunja magurudumu. Ndege inalala kifudifudi katikati ya njia. Ripoti zilikuwa na sababu moja tu: kosa la rubani.

Mwanasaikolojia kijana wa jeshi hilo, Alphonse Chapanis, alishangazwa na jambo dogo. Marubani waliorusha ndege za mizigo za C-47 hawakuwa na kosa hilo. Kama tatizo ni uzembe, mbona uzembe unachagua ndege? Akaingia ndani ya B-17 akakuta swichi mbili zimekaa ubavu kwa ubavu, na zinafanana: moja ya magurudumu, nyingine ya flapu, yaani vile vibao vya ukingo wa nyuma wa bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua na kurudishwa baadaye. Rubani amechoka, macho yako mbele, mkono unapapasa. Dawa ya Chapanis ilikuwa kubandika kigurudumu cha mpira kwenye swichi ya magurudumu, na kipande chenye umbo la bawa kwenye ile ya flapu, ili mkono wenyewe ujue umeshika nini. Hadi leo kanuni za ndege za abiria zinataka vishikio hivyo viwe na maumbo hayo.

Mwaka 1947 Paul Fitts na Richard Jones walichapisha uchambuzi wa visa 460 vya makosa ya marubani katika kutumia vidhibiti vya ndege. Karibu nusu vilikuwa vya aina hiyohiyo: mtu alikusudia kushika hiki, akashika kile. Kosa linalorudiwa na watu wengi namna moja haliwezi kuelezwa kwa tabia ya mtu mmoja mmoja. Hapo ndipo fani ya kuchambua kazi ilipopata sura tunayoijua sasa. Kabla yake walikuwepo akina Frank Gilbreth, aliyehesabu miondoko ya fundi wa kujenga kwa matofali na kuipunguza kutoka 18 kwa tofali moja hadi isiyofika mitano. Lakini Gilbreth alitafuta kasi. Waliomfuata walianza kuuliza mtu anajuaje cha kufanya, na kwa nini anayejua hukosea.

B-17 hiyohiyo ilikuwa imeshazaa dawa nyingine miaka minane nyuma. Tarehe 30 Oktoba 1935, ndege ya majaribio iliyokuja kuitwa B-17 iliruka kutoka uwanja wa Wright, Ohio, ikapanda juu ghafla, ikaanguka. Rubani, mmoja wa wazoefu kabisa jeshini, alisahau kufungua kufuli linalozuia sehemu za mkia zisipigwepigwe na upepo ndege ikiwa imeegeshwa. Jeshi halikumlaumu kwa ujinga, maana hakuwa mjinga. Ndege ilikuwa na mambo mengi kuliko kumbukumbu ya kichwa kimoja. Marubani wakajitungia orodha fupi ya kukagua kabla ya kuruka. Orodha hakiki za usafiri wa anga zina asili hapo.

Basi ndege moja, dawa mbili. Kigurudumu cha mpira kinabadilisha kifaa ili kosa liwe gumu kutendeka. Orodha inakiacha kifaa kilivyo, inamwomba binadamu akumbuke. Sifichi kwamba mimi ni mshabiki wa kigurudumu. Hospitalini, kwenye mashine za usingizi, mtungi mdogo wa oksijeni na wa naitrasi oksaidi una matundu yaliyopangwa tofauti kwenye valvu yake, na pini za mashine huingia pale panapolingana tu. Mtungi usio wake haukai, na hakuna anayehitaji kukumbushwa. Viongozi wa taasisi zetu wanapenda orodha kwa sababu ambayo wahasibu wataielewa haraka: karatasi ni rahisi.

Ila ziko kazi zisizobandikika kigurudumu. Mwaka 1967 Waingereza wawili, John Annett na Keith Duncan, walieleza njia ya kuzichambua ambayo tunaitumia mpaka sasa. Unaanza na lengo, unaligawa katika malengo madogo, unaeleza lipi hufanyika lini na kwa ishara gani. Utaacha kugawa wapi? Pima uwezekano wa kukosea pamoja na gharama ya kosa. Vyote viwili vikiwa vidogo, achana nayo. Kufungua mlango wa chumba cha upasuaji hakuhitaji uchambuzi. Kumpa mgonjwa antibiotiki kunahitaji.

Nikae hapa kidogo. Kwenye mwongozo kazi hiyo ni mstari mmoja: mgonjwa apewe antibiotiki kabla ya upasuaji. Lengo halisi ni kwamba kisu kinapogusa ngozi, dawa iwe imeshaenea mwilini na bado ina nguvu, ndiyo maana inatakiwa iwe imetolewa ndani ya dakika 60 zilizotangulia. Sasa tazama kazi inavyokwenda. Ikitolewa wodini, huenda dharura ikaingia kati, au chumba kikawa bado kinasafishwa, na saa mbili zikapita. Ikiachwa itolewe ndani, mtaalamu wa usingizi anashughulika na njia ya hewa, muuguzi anapanga vifaa, daktari ananawa mikono. Kila mmoja ana sababu nzuri ya kuamini kwamba mwenzake ameshaitoa. Hakuna mzembe chumbani humo, na dawa haijatolewa.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha hakiki ya upasuaji yenye vipengele 19, inayosomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya usingizi, kabla ya kupasua, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa ya Mtakatifu Fransisko mjini Ifakara, Tanzania. Nyingine zilikuwa katika miji kama London, Seattle, Manila na New Delhi. Matokeo yalichapishwa 2009. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Ulikuwa utafiti wa kabla na baada, usio na kundi la kulinganisha, kwa hiyo si ushahidi wa mwisho. Hata hivyo dunia iliipokea kwa shangwe.

Kisha ikaja Ontario, Kanada, ambako kuanzia 2010 hospitali zililazimika kutangaza hadharani zinavyoitumia orodha hiyo. Karibu zote zikaripoti kiwango kinachokaribia asilimia 100. Watafiti walipopima hospitali 101, vifo vilikuwa asilimia 0.71 kabla na 0.65 baada, tofauti ambayo kitakwimu haihesabiki. Orodha ni ileile. Kilichosambazwa kwa amri kilikuwa karatasi, na karatasi inaweza kutiwa tiki huku kila mtu anaendelea na lake.

Karatasi haionyeshi kwamba kipengele cha kujitambulisha, kila mmoja jina lake na kazi yake, kimewekwa kwa hesabu. Aliyekwisha kusikika chumbani mara moja ana nafasi kubwa ya kusema tena baadaye. Kwetu, ambako muuguzi kijana kumwambia daktari bingwa "tusubiri kwanza" kunaweza kuonekana utovu wa adabu, nakiona ndicho kigumu kuliko vyote, na ndicho kinachorukwa mapema. Hospitali za maveterani za Marekani zilijaribu kufundisha tabia hiyo ya kusema. Zilitoa mafunzo ya kufanya kazi kama timu, pamoja na kikao kifupi kabla na baada ya upasuaji. Matokeo yaliyochapishwa 2010 yalionyesha vifo kushuka kwa asilimia 18 katika vituo 74 vilivyofunzwa, na asilimia 7 katika 34 ambavyo havijafunzwa.

Shirika la Afya Duniani lenyewe liliandika chini ya orodha kwamba haijakamilika na kwamba wenyeji wanahimizwa kuiongezea na kuibadilisha. Sentensi hiyo husomwa na wachache. Hospitali inayotaka kuifanyia kazi haihitaji mtaalamu wa kutoka nje kwa kuanzia. Achaguliwe mtu mmoja akae pembeni siku kadhaa bila fomu, aandike ni nani anatoa antibiotiki, wakati gani, na alijuaje kwamba ni zamu yake. Majibu yakitofautiana kati ya zamu ya asubuhi na ya usiku, ameshapata kipengele cha kwanza cha kuandika upya.